Z Nne za Kiajemi

Nilikwenda kujifunza Kiajemi kwa hasira, na darasani nikakaa kwa dharau. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilipenda elimu.

Chanzo ni harusi. Tulikuwa tumekaa mkekani wanawake watupu, na mimi, kama ilivyo desturi yangu, nikawa nawaeleza wenzangu kwamba sisi asili yetu Shirazi, tulifika pwani hii na vitabu vyetu wakati watu wengine hata kalamu hawaijui. Mwanamke mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la manukato mtaa wa pili kutoka kwangu, akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama hiyo lugha ya Shirazi naisema. Nikamjibu kwamba tuliipoteza zamani. Akauliza, "Hata alifu yake?"

Mkeka mzima ukacheka. Mimi nauza vitambaa Kariakoo mwaka wa ishirini na nane huu, nimetukanwa na wachuuzi na wateja wa kila namna, na sijali. Lakini kuchekwa na watu waliokula pilau langu sikuweza. Wiki iliyofuata nikajiandikisha.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani, katikati ya mji, kila Jumamosi asubuhi. Ngazi zilinuka paka. Ubao ulikuwa haufutiki, kwa hiyo Kiajemi chetu kiliandikwa juu ya vivuli vya hesabu za watu wengine. Wanafunzi tulikuwa wanne: mimi, muuza mazulia mmoja aliyetaka kusoma lebo za mali yake, na wasichana wawili waliokuja kwa sababu ya tamthilia za Uajemi, ambao walikuwa wanajifunza kusema "nakupenda" kabla ya kujua kuandika "baba". Niliwatazama wote nikajisemea, hawa ndio wa kusoma na mimi?

Kisha akaingia mwalimu. Mtu wa Singida, amesoma huko Uajemi miaka saba, amevaa koti la mtumba la Mchikichini lililomfunika mpaka vidole. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba bila kuinua uso. Akasimama mbele akatukaribisha kwa kusema kwamba lugha tunayoanza kujifunza ni zahabu.

Zahabu. Nikafunga daftari.

Kwa sisi watu wa pwani hapo ndipo mtu anapojulikana. Tunasema dhahabu, dhambi, adhuhuri, thamani, na ulimi unajua pa kukaa. Mtu wa bara anasema zahabu, zambi, azuhuri, samani. Hatumwambii kitu. Tunatazamana tu, na yeye anaendelea kuongea hajui kwamba tumekwisha kumweka mahali pake. Mimi sauti hizo nilipewa chuo cha Qur'ani kwa bakora, nikiwa na miaka sita, na nilizitunza kama watu wengine wanavyotunza vyombo vya kabatini.

Na nyumbani kwangu nilikuwa na mtu wa bara wangu mwenyewe. Mume wangu kwao Kondoa. Alikuwa fundi wa reli mtaa wa Gerezani, sasa amestaafu, na tumeoana miaka thelathini na moja. Alikuja kuniposa kwetu akasema anamuomba baba amsamehe zambi zake zote ampokee alivyo. Alikusudia utani. Ndugu zangu hawakusikia utani, walisikia zambi, na mpaka leo kaka yangu akitaka kuwachekesha watu hulitamka neno hilo kwa sauti ya mume wangu.

Mimi sikucheka. Mimi nilisahihisha. Alipokuwa akisoma Qur'ani baada ya alfajiri, nilimsahihisha kutoka jikoni. Qur'ani ni Kiarabu na herufi zake zina haki yake, hilo sibishani na mtu hata leo. Lakini sikuishia hapo. Nilimsahihisha akiuliza bei ya dhahabu, nilimsahihisha akisema amechelewa swala ya adhuhuri, nilimsahihisha mbele ya wageni na mbele ya watoto wake. Siku moja, miaka mingi nyuma, alichoka. Akasimama mlangoni na kofia yake mkononi akaniambia, "Mke wangu, una zarau sana."

"Dharau," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, akavaa kofia, akatoka. Tangu siku hiyo husoma moyoni, midomo imefungwa, na ndugu zangu wakija husalimia akanyamaza. Mimi nilidhani amejirekebisha.

Sasa, wakati naanza hilo darasa, zilibaki wiki sita tufanye akika ya mjukuu wetu wa kwanza, nyumbani kwetu. Binti yangu alitaka babake ndiye asimame mbele ya watu, aseme maneno mawili juu ya mtoto na kuomba dua. Nikamwambia tutaona. Kumbe nilikwisha kumwambia kaka yangu ajiandae yeye. Sikutaka mjukuu wangu aingie duniani na azuhuri na zambi, na yule mwanamke wa manukato amekaa pale anasikia. Mume wangu hakuulizwa. Alijua, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba vitatu tu.

Basi nikaenda Jumamosi ya pili, si kujifunza, bali kumtazama mwalimu anavyoharibu. Alianza na herufi. Alifu, be, na ile pe yenye nukta tatu chini, ambayo Waarabu hawana. Nilimaliza kuziandika kabla hajamaliza kuzitaja, nikakaa napiga miayo. Muuza mazulia alikuwa anaandika kutoka kushoto. Wasichana walichora nukta kwa rangi ya kucha.

Jumamosi ya tatu tukafika kwenye dhali. Mwalimu akaitamka zal. Nikauma kalamu. Akaandika ze, ambayo haina ubishi. Akaandika dhadi akaiita zad. Akaandika dhaa akaiita za. Halafu, bila haya, akasema kwamba kwa Kiajemi hizi herufi nne zote sauti yake ni moja, z.

Sikuweza tena. Nikamuuliza, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, ambayo ilikuwa kidogo, ni watu gani hao wenye akili timamu wanaoweka herufi nne kwa sauti moja. Akasema maneno yameingia kutoka Kiarabu na maandishi yake, lakini watu wakayatamka kwa ulimi wao wenyewe. Hawasemi Ramadhani, wanasema Ramazan. Adhuhuri kwao ni zohr. Nikacheka wazi. Nikamwambia mwalimu, kama ulimi wako umeshindwa, sema umeshindwa, usiwasingizie Waajemi. Mimi ni mtu wa Shirazi. Wazee wangu hawakusema hivyo.

Wale wasichana wakaacha kupaka rangi. Mwalimu hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Akatoa simu kwenye lile koti, akasema yule mama aliyempangisha chumba miaka saba, mzee sana sasa, yuko Shirazi huko huko, na huwa wanaongea Jumamosi. Akapiga simu ya video. Akaniomba nisome ile sentensi iliyokuwa ubaoni, ya mtu anayesema kwamba baada ya adhuhuri anakwenda bandarini.

Bandar ni neno lao, na sisi tunalo mpaka leo, bandari. Nikajiona nimefika nyumbani. Nikashika simu. Kwenye kioo palikuwa na bibi kizee amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake birika na dirisha. Nikasoma, ba'd az dhuhr be bandar mirawam, na ile dhaa niliitoa kama nilivyofundishwa, nzito, imejaa mdomo mzima. Chuoni ningesifiwa.

Yule bibi akakunja uso. Akasema kitu, akamuuliza mwalimu. Mwalimu akajifanya anarekebisha simu. Nikamwambia afasiri.

"Anauliza," akasema, "kama mama ni Mwarabu."

Muuza mazulia alicheka mpaka akaomba maji. Yule bibi naye akawa anacheka, bila ubaya, na akaanza kuniongelesha polepole kama mtu anayemwongelesha mtoto. Akairudia sentensi yangu ilivyotakiwa. Zohr. Miravam. Akaniambia kitu kuhusu Ramazan, mwalimu akafasiri, kwamba mwaka huo alifunga mwezi wote pamoja na uzee wake. Akamwambia mwalimu jambo jingine, ambalo nililazimisha nalo lifasiriwe, kwamba huyu mwalimu anaongea kama mtoto wao waliomzaa. Wakati wa kuaga akasema khoda hafez, yaani Mungu akulinde, na hiyo hafez sisi tungeitamka hafidh.

Nilisikia yote hayo na sikuwa namsikia bibi wa Shirazi. Nilikuwa namsikia mume wangu. Ramazani. Azuhuri. Ile ile z, nyepesi, haina makosa yoyote, inatoka katika mdomo wa mji ambao nimejivunia maisha yangu yote bila kuujua hata kwa picha. Kama asili ya mtu ingepimwa kwa ulimi, basi katika nyumba yangu Mshirazi alikuwa yeye.

Nilishuka zile ngazi za paka nikaenda kwa miguu mpaka Kariakoo. Sikufungua duka. Nilimpigia kaka yangu nikamwambia dua ya akika ataisoma mwenye nyumba. Akauliza mwenye nyumba gani. Nikamkatia simu, maana nilijua anauliza kwa raha, na raha hiyo nilimfundisha mimi.

Kumwambia mume wangu ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuwa uani anarekebisha mguu wa meza. Nilipomaliza akasema hapana, kaka yako ana sauti nzuri. Nikamwambia ni mjukuu wake. Akasema, "Mimi siku hizi nasoma moyoni." Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama mtu anayekwambia siku hizi haendi mpirani. Nikambembeleza siku tatu. Mimi kubembeleza sijui, nimezoea kuamrisha, kwa hiyo nilifanya vibaya, lakini siku ya nne akakubali.

Halafu nikaanza kumsikia. Akiwa bafuni, maji yanamwagika, alikuwa anasema peke yake dha, dhi, dhu. Mzee wa miaka sitini na sita, ulimi umemtoka, anajifunza ili asinitie aibu. Nilitaka kugonga mlango nimwambie aache, lakini nikaona nikigonga atadhani nataka kumsahihisha. Nikarudi jikoni.

Siku ya akika watu walijaa mpaka nje. Mtoto alinyolewa, mbuzi alikwisha kuchinjwa, yule mwanamke wa manukato alikaa mstari wa mbele wa wanawake na udi wake. Mume wangu akasimama. Dua aliisoma polepole, kila herufi akiikanyaga kwa uangalifu, na aliivuka salama. Kaka yangu alikuwa ameshikilia pindo la kanzu tayari kuficha mdomo, akakosa cha kuficha.

Kisha mume wangu akataka kusema yale maneno mawili ya Kiswahili juu ya mtoto, na hapo hofu ikamzidi. Ulimi aliokuwa ameuchonga majuma mazima haukujua tena wapi uchongoke na wapi uache. Akasema, "Huyu mtoto tumemngoja tangu dhamani. Kwetu sisi ni dhawadi."

Dhamani. Dhawadi. Alizitia dh hata pale ambapo Mungu na watu wote wa pwani wanasema z. Pindo la kanzu likapanda mdomoni kwa kaka yangu. Upande wa wanawake ukapita ule mtikisiko wa mabega ninaoujua, kwa sababu nimeuongoza mara nyingi. Na wote, kaka yangu, binamu zangu, yule wa manukato, wakageuka kunitazama mimi. Walikuwa wanangoja nisahihishe, ili wapate ruhusa ya kucheka.

Mume wangu naye alinitazama. Alikwisha kujua amekosea, hakujua wapi tu.

"Kweli kabisa," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ni dhawadi. Tena dhawadi kubwa."

Kaka yangu aliteremsha pindo la kanzu akaanza kutazama miguu yake. Sijawahi kutamka neno bovu namna hiyo mbele za watu, na nawaambia kweli, lilikuwa gumu mdomoni kuliko Kiajemi chote. Binti yangu akaitikia amina, wengine wakafuata, na pilau likaanza kupita.

Watu walipopungua alinifuata nilipokuwa nakusanya masinia. Akachukua la juu, akasimama nalo.

"Mke wangu," akasema, "ni zawadi. Nimemuuliza binti yako. Mimi nilikosea kwa woga. Wewe ulikosea kwa nini?"

Nikayaweka chini masinia yaliyobaki.

"Kwa zarau zangu," nikamwambia.

Hakunisahihisha.