Aliyekaliwa na Malkia

Sisi Wakurya hatukuwahi kuwa na mfalme, na sababu ninaijua: nani angekubali kumpigia mwenzake magoti? Kwetu kila mwenye mji ni mfalme wa ng'ombe wake. Kwa hiyo mwaka ule nilipojitia kuwafundisha darasa la saba habari za malkia, katika shule ya msingi kule Morotonga, nilikuwa najitafutia balaa mwenyewe.

Nilimpenda malkia mmoja wa Angola ya zamani. Alikwenda kuzungumza amani na gavana wa Kireno. Gavana akakaa kwenye kiti, yeye akatandikiwa mkeka chini. Malkia hakubishana. Alimwita mtumishi wake, mtumishi akainama kwa mikono na magoti, malkia akamkalia mgongoni, wakazungumza uso kwa uso. Darasa zima lilipiga makofi. Nikasema, hili tutaliigiza siku ya mahafali mbele ya wazazi.

Wasichana karibu wote walitaka kuwa malkia. Mmoja mrefu alikubali kuwa gavana, mradi apakwe masharubu ya mkaa. Lakini kukaliwa! "Mwalimu, mimi mgongo unaniuma." "Mwalimu, siku hiyo baba yangu atakuwepo." Ghafla wote wakawa wagonjwa. Mwishowe alikubali binti mmoja mpole wa dawati la nyuma, na alikubali kwa sababu nilimkazia macho.

Kesho yake shule nzima ilimwita Kiti. "Kiti, una miguu mingapi?" Nilikaripia, wakaendelea kwa kunong'ona. Yeye hakulia wala hakulalamika. Alianza tu kuchelewa, yeye aliyekuwa akifika shuleni kabla ya wote. Iliniuma. Lakini mchezo nilikuwa nimeshamwahidi mwalimu mkuu, na ukaidi kwetu ni urithi. Nikanyamaza, jambo ninalolijutia mpaka leo.

Siku ya mahafali uwanja ulifurika. Malkia alivaa kitenge tulichoazimwa na mfanyabiashara mmoja wa Mugumu, kikiwa bado na karatasi ya bei. Gavana akakaa, akavimba. Malkia akapiga makofi mawili. Binti akapiga magoti, akaweka viganja vyake vumbini. Wanafunzi wakaanza: "Kiti! Kiti!"

Hapo mama mzee mmoja akainuka katikati ya wazee wa kiume. Alikuwa bibi yake yule binti. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi kwa mila yetu ya nyumba ntobu alitoa ng'ombe mwenyewe, akaoa mke, na huyo mke ndiye mama wa binti. Yeye ndiye mwenye mji, na kwenye mikutano hukalia kigoda kama wanaume. Alikibeba kigoda chake, akatembea hadi katikati ya mchezo, akakiweka chini.

"Malkia, kaa hapa," alisema. "Mjukuu wangu, inuka."

Malkia akanitazama. Nikajifanya natazama mawingu. Akakaa. Binti akainuka, na sasa hakuwa na kazi, maana katika mchezo wangu aliyekaliwa hakupewa hata neno moja la kusema. Gavana alikuwa amesahau kila kitu. Ndipo yule binti, ambaye hata akiitikia jina lake asubuhi ilibidi usogee ndipo umsikie, akapaza sauti:

"Malkia ameshafika. Wewe mgeni, mbona bado umekaa? Simama umwamkie!"

"Simama, mura!" akadakia mzee mmoja, kama anayemwamuru kijana wake wa kiume.

Gavana akasimama, masharubu yakimtiririka kwa jasho. "Shikamoo, malkia," akasema.

Vilipigwa vigelegele hata waliokuwa wakipita barabarani na ng'ombe waliingia kuangalia. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, furaha ilinizidi. Mreno alishindwa Morotonga siku hiyo.

Watu walipoanza kutawanyika, bibi alikuja na mjukuu wake kuchukua kigoda. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Huyo mtumishi wa kweli, aliyekaliwa, aliitwa nani?"

"Vitabu nilivyosoma havisemi, bibi."

"Na wewe hukuuliza?"

Sikuuliza. Miaka yote niliyofundisha nilikuwa nikimtazama malkia tu. Niliona aibu, na nikamwambia hivyo hivyo. Bibi akacheka, akanipiga begani kama mtu anayemsamehe mtoto.

Binti alikuwa akijipangusa vumbi magotini. "Basi, mwalimu," alisema, "andika jina langu."

Nilifungua daftari la maandalio ya masomo nikaliandika, kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Hapa silitaji, maana sasa yuko kidato cha nne na amenikataza. Lakini kila mwaka nikifika kwenye habari ya malkia yule, darasa langu humtaja binti huyo kwanza.