Gari Jekundu la Baba Mdogo

Mwaka huu nilipokwenda nyumbani Ibighi, mtoto wa kaka yangu alinisogezea simu yake kabla hata sijavua viatu vya matope. Anatafuta gari la kukimbia, lililotumika, la milango miwili. Liwe la raha lakini lisimtupe njiani, tena lisimmalizie mshahara. "Shangazi, lipi hapa?" Picha ya kwanza ilikuwa ya gari jekundu, limeinama chini kama chura. Ndugu yangu, mate yalinijaa mdomoni, yale yanayotangulia kutapika. Nikamrudishia simu yake, nikatoka kusimama barazani.

Hukunijua enzi hizo, kwa hiyo acha nikueleze. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Tukuyu yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kujaa sabuni za kunukia, redio na marobota ya mitumba, na magari yaliyokwisha kuendeshwa na watu wa nchi za mbali yakawa yanauzwa Mbeya kama mbuzi mnadani. Baba mdogo alikuwa akisafirisha ndizi kutoka Kinyala. Hakuwa na mke bado, kicheko chake kilimtangulia mlangoni, na sisi watoto tulimpenda kuliko wakubwa wote. Bibi alitaka anunue pikapu ya kubebea mikungu. Yeye alitaka gari la kukimbia.

"Mama, ndizi nimezibeba tangu utoto," alisema. "Safari hii nataka kubebwa mimi."

Wakakubaliana kwamba fundi ndiye atakayelikagua. Fundi alikuwa jirani yetu, mzee wa Kiislamu, mikono yake myeusi kwa oili siku zote isipokuwa Ijumaa. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa nimefaulu mtihani, nikaahidiwa soda.

Pale Mbeya mfuko wa baba mdogo uliyafikia magari mawili tu, yote ya chini, ya milango miwili. La kwanza lilikuwa la kijivu, rangi imepauka, kiti cha dereva kimechanika. Fundi alilala chini yake na shati lake safi. Akafungua kifuniko cha oili akachungulia, akapitisha kiganja kwenye matairi kuona kama yameliwa upande mmoja, akaliwasha likiwa baridi, akalizima, akaliwasha tena. "Hili lina mbio," akasema, "na litaamka kila asubuhi." Kwenye lile jekundu hakulala. Aliingiza kichwa dirishani, akanusa, akakitoa haraka.

"Marashi yote haya ya nini ndani ya gari?"

"Mwenyewe alikuwa mtu msafi, mzee," muuzaji akajibu.

Fundi akamvuta baba mdogo pembeni. "Zulia limebandikwa upya. Hili limelala majini. Gari usilitazame tu, mwanangu, linuse."

Baba mdogo alimsikiliza macho yakiwa kwenye ile rangi. "Mzee, kwa lile la kijivu utaendea harusi ya nani?" akasema. Akachukua jekundu.

Wiki ya kwanza tulikuwa wafalme. Watoto wa Ibighi walikimbia nyuma yetu, na bibi alikunjwa kama shuka ili aingie. Kisha ikaja mvua yetu ya Rungwe, isiyojua kuaga, na harufu ikaamka. Mwanzoni ilikuwa kama kitambaa cha jikoni kilichosahaulika. Baadaye kama maziwa yaliyooza pamoja na kitu kilichokufa. Iliingia kwenye sweta langu la shule hadi mwalimu akanihamishia dawati la dirishani. Bibi, ambaye ulimi wake wa Kinyakyusa haukuwahi kupatana na herufi "r", alibana pua akauliza, "Gali gani hili linaoza likiwa hai?"

Jumamosi moja baba mdogo alibandua zulia uani, mimi nimemshikia beseni. Chini kulikuwa na tope la kijivu, tope la nchi nisiyoijua, na ndani yake kiota cha panya, manyoya yamegandana, funza weupe wakichezacheza kama wali unaochemka. Mmoja alinidondokea mguuni. Nilitapika ndani ya beseni, na ndizi na maharage alivyopika bibi mchana ule sikuvigusa. Mpaka leo wali ukichemka nageuza uso.

Laiti kinyaa kingeishia hapo. Baba mdogo aliosha kwa sabuni ya unga, akaanika viti siku mbili za jua la bahati, akabandika zulia jipya, akanyunyiza chupa nzima ya marashi. Akaja mnunuzi: mwalimu mjane kutoka Mpuguso, mwenye sauti ya upole. Alituambia kwa aibu kidogo kwamba tangu usichana alitamani gari la kukimbia, na sasa watoto wamekua, anataka na yeye raha. Ila liwe zima, maana ndilo litakalompeleka mama yake hospitali. Alilizunguka asijue pa kutazama. Mwishowe akaniinamia mimi, niliyekuwa nimeketishwa kiti cha nyuma.

"Mwanangu, mkubwa huyu anauza. Wewe niambie kweli. Lina kasoro?"

Mkono wa baba mdogo, aliyeketi mbele, ulikuwa begani kwangu.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Linanukia tu."

Akanipapasa kichwa, akanunua.

Jioni baba mdogo alimletea bibi kitenge kipya. Bibi alikishika kwa ncha za vidole viwili, akakitundika nje kwenye mvua, kikakaa huko hadi kikapauka. Fundi akaacha kuja kwetu. Baba mdogo alicheka kile kicheko chake, nami kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake, nikachukizwa nayo.

Mwezi haukuisha. Gari lilizima kwenye mlima wa Mpuguso, mama yake mwalimu akiwa ndani, hoi kwa homa, na wachuma chai wakalisukuma kwenye mvua hadi zahanati. Yule mama alipona. Kesho yake mwalimu alikuja kwetu kwa miguu, tope hadi magotini, na baba mdogo akatorokea mlango wa nyuma. Mwalimu hakupiga kelele. Alikunywa maji, akanitazama nikichambua maharage.

"Wewe nilikuuliza," akasema.

Bibi akaenda zizini, akamfungua ng'ombe wake wa maziwa, akampa mwalimu kamba mkononi. Mwalimu alikataa. "Chukua, mwanangu," bibi akasema. "Usipochukua, nitakula nini kisichonuka?" Tangu siku ile tulikunywa chai ya rangi. Baba mdogo alihamia Tunduma, akarudi mara moja tu, kumzika bibi.

Karakana ya fundi sasa ni duka la simu. Zizi limekuwa choo cha wapangaji. Kesho yake baada ya kuonyeshwa ile simu, nilitembea hadi Mpuguso kumtafuta mwalimu, nikaambiwa nimechelewa miaka mingi. Njiani kurudi nilisimama kwa mama mmoja muuza maparachichi. Bibi yangu angemwuliza, "Yameiva?", akajibiwa, akabeba, akaenda zake, ndivyo watu wa kwetu walivyonunua. "Yameiva vizuri, dada," yule mama akaniambia. Nikayabonyeza yote kwa dole gumba, moja baada ya jingine, naye akanitazama kama mtu aliyetukanwa.