Sabuni Chini ya Tangi

Mtaani walimwita Fundi Jikoni, naye hakuchukia. Mafundi wengine walijivunia masanduku ya spana. Yeye alikuwa na spana zake chache, lakini mkono wake ulitangulia kwenye kapu la kandambili zilizochoka, makopo ya maziwa na waya wa kuanikia nguo. Kandambili aliikata ikawa mpira wa kukanyagia wa pikipiki. Kopo alilizungusha kwenye bomba la moshi lililotoboka, akalikaza kwa waya, na pikipiki iliyokuwa ikiamsha mtaa mzima ikashika adabu.

"Fundi, usisahau chumvi!" waendesha pikipiki walimtania wakipita.

"Chumvi utaionja mwenyewe, siku utakayorudi unasukuma!"

Wachache walijua kwamba jina lile lilikuwa la kweli. Alipooa alikuwa mshona viatu asiye hata na kisu kizuri. Mama mkwe wake alimkuta siku moja akihangaika kukata mpira kwa wembe, akaingia jikoni na kutoka na kisu chake cha vitunguu. "Chukua, baba," alimwambia. "Vitunguu nitavimenya kwa kucha." Kwa kisu kile alikata soli, kisha mipira ya pikipiki za wateja wa viatu, mpaka viatu vikasahaulika. Kisu kilikuwa kimeliwa na jiwe la kunolea kikabaki chembamba kama jani, lakini hakikuwahi kulala nje.

Sasa mama mkwe yule alikuwa mgeni wake. Macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, na daktari wa macho aliyetembelea hospitali ya wilaya mara chache alikuwa akimaliza kazi siku hiyo. Safari iliyopita walichelewa, jina lake likasomwa hayupo, wakarudi walivyokwenda. Tangu hapo mama alikuwa ameanza kumtambua bintiye, mke wa fundi, kwa kukohoa kwake.

Tangi la pikipiki ya fundi lilikuwa na ufa mdogo chini, kwenye mshono. Alikuwa amelikausha na kulisugua kwa sabuni ya mche mpaka ufa ukajaa. Petroli haiyeyushi sabuni. Kulichomelea kulihitaji tangi litolewe mafuta na kukaa wazi siku kadhaa, naye alisema atalichomelea mama akisharudi kutoka hospitali.

Asubuhi ya kwenda hospitali fundi alikuwa hajamaliza chai alipovuta pumzi, akaweka kikombe chini. Harufu ilimtoa mbio hadi uani. Pikipiki ilikuwa inang'aa kama ya harusi. Chini yake petroli ilidondoka kwenye mchanga, na kando yake mama mkwe alikuwa akikamua kitambaa kwenye beseni.

"Nimeamka mapema nikuoshee, baba," alisema akitabasamu upande ambao fundi hakuwepo. "Ningekushukuru kwa nini kingine? Huku chini nilikuta donge limeganda. Limenisumbua hilo! Nimelikwangua kwa kucha mpaka likatoka."

Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni. "Mama! Hilo donge ndilo lililoshika mafuta!" Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, nilikwambia uchomelee!"

Tabasamu la mama likazimika. Akakaa kwenye kigoda, kitambaa mkononi, akionekana mdogo kuliko kawaida. "Basi nimejiharibia mwenyewe," alisema taratibu. "Nirudisheni nyumbani tu."

Pikipiki za kijiweni zilikuwa zimeondoka na abiria wa asubuhi. Fundi alitazama barabara tupu, akamtazama mama mkwe, akaingia jikoni.

"Si sufuria yangu ya chai!" mkewe alipiga kelele.

"Nitakununulia nyingine."

"Ulisema hivyo hata kwa ile ya kwanza!"

Alikinga petroli kwa sufuria. Tangi lilipokwisha kumwagika alifuta mshono kwa shati kuukuu, akaukausha kwa kuupepea na kifuniko. Jikoni kulikuwa na kipande kimoja cha sabuni, kimelowa. Akachukua kile kisu chembamba, akakwangua maji ya juu mpaka akafikia moyo mkavu. Kisha akaita, "Mama, njoo unisaidie."

"Mimi? Tena?"

"Vidole vyako ndivyo vilivyoligundua donge. Nionyeshe ulipokuwa ufa."

Mama akapiga magoti, akapapasa, akasimamisha kidole. "Hapa. Panakwaruza kama ukucha wa kuku." Fundi akasugua sabuni palepale, mama akikandamiza kwa dole gumba, mpaka mama akasema, "Sasa ni laini." Wakarudisha petroli. Fundi akachungulia chini ya tangi. Halikutoka tone.

Njiani fundi alizunguka kila dimbwi.

"Mbona tunapita kama walevi?" mama aliuliza mgongoni kwake.

"Sabuni na maji, mama. Haviaminiki vikikutana."

Alicheka mpaka fundi akahisi mgongo wake ukitikisika, naye akashukuru kimoyomoyo kwa kicheko kile.

Walipoingia hospitalini muuguzi alikuwa anasoma jina la mama kwa mara ya pili. "Yupo!" fundi alipaza sauti kabla hata hajazima injini.

Jicho moja lilifanyiwa kazi siku ile, na kesho yake, mke wa fundi akiwa amewafuata, bandeji ikatolewa. Mama alimtazama bintiye kwa muda mrefu bila kumngoja akohoe. Alimtazama mkwewe pia. "Kumbe umeota mvi, baba."

Nje aliiendea pikipiki, akainama chini ya tangi. Donge lilikuwepo, jeupe, na alama ya dole gumba katikati. Akaliangalia kama mtu anayesoma. Kisha akaona tope kwenye magurudumu, akavua mtandio wa begani, akaanza kufuta.

"Mama, acha!" mkewe fundi alishtuka.

"Tulia, mwanangu. Naona ninapofuta," alijibu, na mkono wake ukazunguka mbali na tangi, taratibu, kama fundi alivyozunguka madimbwi.