Nyota za Sweta ya Baba

Mama yangu hajawahi kuona theluji. Anachokijua ni mvua ya mawe, na hiyo huitukana kwa Kihaya kila inapopukutisha maua ya mibuni. Lakini kila Desemba hufuma nyota za theluji za kupamba mti wa Krismasi kanisani kwetu Buganguzi, kama alivyofundishwa na mke wa mchungaji enzi za usichana wake. Uzi hanunui. Hufumua mifuko ya unga, vitambaa vya makochi vilivyochakaa, masweta yaliyotoboka viwiko. Kroshia yake ni spoki ya baiskeli iliyopindwa ncha. Nyota ikikamilika huichovya kwenye uji mwepesi wa muhogo, huitandaza juu ya kipande cha boksi na kuibana kwa miiba ya mlimau mpaka ikauke na kukakamaa.

Baba alifariki mwaka jana, wakati wa masika. Tulimzika kibanjani, kwenye shamba letu nyuma ya nyumba, tukakubaliana kwamba kaka yangu asimikwe kuwa mrithi wakati wa Krismasi, maana ndipo watu wa ukoo hurudi nyumbani. Kwetu mrithi huvikwa nguo ya marehemu mbele ya wazee. Nguo yenyewe haikuhitaji mjadala: sweta nyeupe ya baba, aliyoivaa kanisani, vikaoni na misibani, hadi sisi watoto tukamtania kwamba alizaliwa nayo.

Mimi ninaishi Nyanga, mjini Bukoba. Nilipofika nyumbani siku chache kabla ya sikukuu, nilimkuta mama sebuleni amezungukwa na nyota nyingi kuliko miaka yote. Nikazisifu. Nikaokota moja, nikaona uzi mweupe wa rangi ya maziwa, kama wa sweta ya baba.

"Mawe," nilimwita mama kwa Kihaya, "uzi huu umeutoa wapi?"

"Kwenye sweta yangu."

"Yako?"

"Kwani nani aliifuma?"

Aliifuma yeye, ni kweli, kwa sindano mbili, kabla sijazaliwa.

"Nyumba mmempa kaka yako," alisema. "Kibanja mmempa, mpaka kiti cha baba yenu. Hakuna aliyeniuliza. Hiki kimoja nilikitengeneza kwa mikono yangu."

Nilikasirika. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na haki.

Siku ya kikao cha kumsimika kaka, baba mdogo alinyoosha mkono apewe sweta. Mama akajibu pale pale, bila kuficha, kwamba iko kanisani, juu ya mti. Wazee wakaguna. Kaka akavikwa koti la baba mdogo, likimpwaya mabegani, naye, mtu mzima, akaanza kulia.

"Mama, umemfumua baba," alisema.

Kesho yake aliondoka kurudi Dar es Salaam bila kula wala kuaga. Baba mdogo akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, utadhani ni mimi niliyeyamwaga.

Mti uliposhushwa Januari, mama alizirudisha nyota zake zote nyumbani. Jumamosi moja nilimkuta uani, ameziloweka kwenye beseni la maji ya moto ili wanga utoke. Alikuwa akizifumua moja moja na kuunga nyuzi kwa mafundo. Uzi ulikuwa umechoka. Kila alipovuta ulikatika, na vipande visivyofaa vilijaa miguuni pake. Mapajani alikuwa na zile sindano mbili na safu chache za sweta, zimejaa vinundu. Nilivuta kigoda nikakaa karibu yake.

Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Aliongea polepole, kama mtu aliyekaa na neno siku nyingi. Aliomba nimtunzie nyota moja tu, hata iliyoharibika, aitundike nyumbani kwake.

Nikatazama ndani ya beseni. Hapakuwa na nyota hata moja; ya mwisho alikuwa ameshaifumua.

"Nani huyo?" mama aliuliza. Nikamwambia.

"Mwambie namfumia sweta ya baba yake."

Uzi uliobaki, hata ungeungwa wote, usingetosha mkono mmoja. Mama alijua, yeye ndiye aliyenifundisha kupima uzi kwa macho. Aliinama akaendelea kufunga mafundo. Nikamwambia kaka asubiri, mama anaifuma.