Nilijipa Cheo cha Mkuu wa Ghala la Baruti la Mjomba

Kosa ni langu lote, sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Mtaniona mjinga, na mtakuwa mmeniona vizuri tu. Naomba moja: msitafute jina langu. Fittja, kitongoji chetu huku ughaibuni, ni ndogo na mama yangu anaimba kwaya.

Mimi ni msichana, bado niko gymnasiet, sekondari ya juu ya huku, na darasani kazi yangu ni kuchekesha. Masomo ni ya ziada. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama, na mjomba, kaka yake mama, ambaye ni dereva wa basi.

Na ni mwindaji. Ndiyo, Mrundi mwindaji! Kila vuli anaingia msituni na wazee wa Kizungu, wote na kofia za rangi ya chungwa kama koni za barabarani, kumtafuta älg, yule mnyama wa hapa mwenye miguu ya ngazi na pua ya kiatu. Akirudi na nyama, nusu ya kanisa inakumbuka ghafla kwamba sisi ni ndugu.

Risasi zake anazijaza mwenyewe, chumbani. Anachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anayanyoosha kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani, anaweka fataki mpya kitakoni, anapima baruti kwenye mizani, mwisho kichwa cha risasi juu.

Masharti yake sasa! Simu nje. Redio kimya. Mkebe mmoja tu wa baruti mezani, mingine ikae kwenye sanduku la mbao, imefungwa.

"Mjomba, unapima hamira ya maandazi?" nilimuuliza siku moja kutoka mlangoni.

"Andazi likiharibika, mama, tunamtupia ndege," akajibu bila kuinua macho. "Hii ikiharibika, inakula uso wangu. Funga mlango."

Mjomba huniita mama. Kwetu ndivyo mtoto wa kike anavyobembelezwa.

Akimaliza, kila kitu kwa kufuli: bunduki kwenye sefu yake, risasi mbali na bunduki, baruti kivyake. Na sheria ya hapa haina utani: funguo azijue mwenye leseni peke yake. Mimi nikaona hilo ni shindano. Nikapekua weee! Nikazikuta kwenye mfuko wa suti yake ya harusi, suti ambayo tangu mkewe aondoke hakuna mtu nyumbani anayeigusa, kwa huruma.

Mimi nikaigusa.

Mjomba yuko kazini, nikavaa kofia yake ya chungwa, nikajitundika mkufu wa maganda matupu, nikapanga mikebe yote ya baruti mezani kama duka la viungo. Nikawasha simu, nikajirekodi.

"Karibuni kiwandani! Mimi ndiye mkuu wa ghala! Mjomba kanipa funguo, yeye akienda kazini mimi nabaki na jeshi!"

Nikairusha mtandaoni. Watu walicheka, jamani! Mpaka binamu zangu wa Rågsved, ambao hawanichekeagi kwa wivu, walicheka. Mtu mmoja hakucheka. Akaipeleka video kwa polisi.

Walikuja wawili, wapole. Mama akawaomba wavue viatu. Hawakuvua. Katika nchi hii, ambako kila mgeni huvua viatu mlangoni! Hapo nikajua mambo yameharibika.

Wakamwonyesha mjomba video. Akaitazama mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akauliza kwa Kiswahili, taratibu:

"Mama, mimi nilikupa funguo?"

Neno moja tu lilihitajika. Hapana. Mtoto wa miaka miwili analijua kwa lugha tatu.

Mimi nikacheka.

Wallahi sikukusudia! Nikiogopa nacheka, ndivyo nilivyoumbwa vibaya. Lakini polisi haandiki umbo la mtu, anaandika alichokiona. Bunduki zikaondoka, baruti ikaondoka, leseni ikaingia kwenye uchunguzi. Mjomba akawabebea sanduku mpaka garini, kama vile wageni wanaondoka.

Baadaye nilikwenda mwenyewe kituoni nikasema kweli: nilipekua, sikupewa. Wakaandika, wakanishukuru. Lakini mtoto kazifikia funguo, basi funguo hazikufichwa vizuri. Kosa bado la mjomba.

Kanisani sasa tunasalimiwa hivi: "Bwana asifiwe, kiwanda hakijambo?" Na walewale waliokula nyama miaka yote wanasema walijua tangu zamani yule mtu ana mambo. Mafuta ya älg bado yako kidevuni!

Msimu ukaanza bila mjomba. Siku hiyo alikaa mbele ya meza tupu, mashine bado imefungwa pale. Nikaingia kumwomba msamaha, simu mkononi.

"Simu nje," akasema.

Hakuna baruti, hakuna risasi, hakuna kitu! Nikaitoa nje.

Ninyi mnaojirekodi mkichezea vitu vya wakubwa, nisikilizeni mimi niliyepata makofi yote: wanaokucheka hawatakuja kukusaidia kujibu mlangoni. Na mkiulizwa swali la neno moja, semeni hilo neno kabla kicheko hakijatangulia.

Juzi wale wazee wa msituni walikuja kutoka Upplands Väsby na fungu la nyama, wakavua viatu, wakanywa kahawa na mjomba, wakaondoka. Mama akapika. Mjomba akachukua kipande kinono kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Mkuu wa ghala."

Hakuniita mama.