Spana Ishirini na Nne Zisizo na Namba

"Maisha ya nani, basi? Yangu mimi au ya hii spana?"

Mjomba alikuwa anamfokea muuza duka. Spana iliyopasuka mdomo ilikuwa juu ya kaunta.

Fundi wa breki, tuliyekuja naye, akacheka. "Si nilikwambia ununue seti ya bei poa kama yangu? Ikivunjika unatupa, hugombani na mtu."

Seti ya Mjomba ilikuwa bei mara nne ya ile, na alijinyima miezi saba kuipata, kwa sababu karatasi ya waranti ilisema ikivunjika unapewa nyingine bure, maisha yako yote.

"Mzee wangu, tatizo ni namba ya kiwanda inayogongwa kwenye kila spana," muuza duka akasema kwa upole. "Kiwandani wanataka kuiona ndipo watoe nyingine, na hapa haipo."

Haikuwepo kweli. Pale gereji kwetu spana zinaibwa kila siku, kwa hiyo siku ya kwanza tu Mjomba alizisaga zote kwa grenda, akachora alama yake pale pale palipokuwa na namba. Wazo lenyewe nilimpa mimi.

Akapitisha kidole juu ya ile alama, taratibu.

"Kwa hiyo hata zile nyingine?"

"Hata zile nyingine, mzee wangu."

Fundi wa breki akaangalia chini. Mjomba akaifunga spana kwenye kitambaa, akasema kuna gari la watu kaliacha juu ya jeki, akatoka bila kuaga.