Meno ya Baba Mdogo Yaliyozama Lamboni

Meno ya baba mdogo yalizama kwa sababu yangu, na hata yeye, ambaye ni mwepesi wa kusamehe, hajawahi kulikanusha hilo. Yalikuwa meno ya bandia, safu nzima ya juu.

Siku chache kabla ya kwenda Nkoma kupatana mahari ya mchumba wa mwanangu, nilimchukua baba mdogo hadi kwenye lambo lililo nje kidogo ya Bariadi ili afanye mazoezi ya kusema. Tukaketi juu ya ukuta wa zege. Kwetu mahari haipatanwi kwa hesabu tu. Wazee wa pande mbili huweka vijiti chini, kila kijiti ng'ombe mmoja, na upande wa mwanamume huviondoa kwa maneno: kwa sifa, kwa utani, kwa kulalamikia ukame. Baba yangu hayupo tena, na mimi, pamoja na elimu yangu yote, nikiombwa kusema mbele ya wakwe huanza na utangulizi. Baba mdogo ndiye ulimi wetu. Amewahi kuondoa ng'ombe watatu kwa hadithi moja ya fisi.

Basi pale ukutani nikajifanya mimi ndiye upande wa binti. Nikaigiza jinsi mzee mmoja wa Nkoma anavyokohoa kabla ya kukataa. Nilijua atacheka, nikaikoleza makusudi. Alicheka hadi akainama, meno yakatoka, yakagonga zege mara moja, yakatumbukia majini. Akaziba mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka tulipofika nyumbani.

Jioni hiyo alituma ujumbe kupitia kwa mke wangu kwamba Jumamosi hatakwenda Nkoma. Mwanamume, alisema, hawezi kuomba binti wa watu huku mate yanamtoka. Fundi wa meno wa Mwanza asingewahi kutengeneza mengine kabla ya hapo, na siku yenyewe tulishaiahirisha mara moja kwa ajili ya kuvuna pamba. Kuiahirisha tena kungekuwa kuwaambia wakwe kwamba tumeona binti mwingine. Mwanangu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ningeweza kusema mimi, kisha akaangalia pembeni kabla sijajibu.

Chuo kikuu nilisomea mambo ya maji, na huko tulifundishwa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Rafiki niliyesoma naye siku hizi hukagua vizimba vya samaki ziwani. Alikubali kuniazima vifaa kwa sharti moja, kwamba nisizame peke yangu. Yeye angeweza kuja Jumapili. Nikamwambia sawa, kwa sauti ya mtu mzima.

Nikaanza kubishana na nafsi yangu, ambayo kwa bahati mbaya imesoma na ina hoja. Kanuni ya kuzama wawili wawili, ilisema, ni ya baharini. Lambo hili mtu akisimama juu ya mabega ya mwenzake anatoa kichwa nje. Sikugundua kwamba hata katika hoja hiyo nilimhitaji mwenzangu. Kwa upande wa pili nilikumbuka tulivyofundishwa: kinachoua zaidi ya kina ni kunasa mahali ambapo hakuna wa kukunasua. Maji ya lambo yana rangi ya chai ya maziwa. Chini yake kuna visiki, nyavu zilizokatika, na seng'enge za mashamba yaliyofunikwa na maji. Yote haya niliyajua. Niliwahi hata kuyaandika gazetini, nikiwaonya vijana. Na kusema kweli, sikuwa nataka sana kumrudishia baba mdogo meno yake. Nilitaka nisikione tena kile kiganja mdomoni.

Hoja ya mke wangu ilikuwa fupi zaidi. "Ukifia humo," alisema huku akichambua mchele, "watu wakiniuliza marehemu alikuwa anatafuta nini, niwajibuje?"

Ijumaa asubuhi nikaenda peke yangu. Nilifunga kamba kwenye chuma cha ukutani, ncha nyingine kiunoni, nikajiona mtu makini. Wachungaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe ng'ambo walinisalimu ng'wangaluka, wakanitazama nikivaa mapezi ya mpira kwa ile heshima anayopewa mtu aliyerukwa na akili.

Chini sikuona hata mikono yangu. Nikapapasa tope kandokando ya ukuta: kiatu, chupa, mfupa. Kisha kitu kikanishika kwa nyuma, kwenye mpira wa hewa. Nikavuta, kikavuta. Seng'enge. Nilijua cha kufanya, yaani kutulia na kurudi nyuma taratibu, na mwishowe nilikifanya, lakini kwanza nilifanya mengine yote. Niliwaza kwamba kesho yake watu wangekwenda Nkoma kupeleka taarifa ya msiba.

Nilipoibuka, ukutani palikuwa na watu. Mke wangu alikuwa ameshindwa kuvumilia, akaenda kumwambia baba mdogo. Na yeye, ambaye tangu siku ile alikuwa akiongea na wageni kupitia dirisha, alikimbia bila kofia hadi lamboni. Alikuwa ameshika kamba yangu kwa mikono yote miwili, akiwaita wachungaji waje wavute, mdomo wazi, ufizi ukionekana. Hakuwa na mkono wa tatu wa kujizibia.

"Umeyapata?" aliniuliza, maneno yakitoka na upepo.

Nikasema hapana.

"Mjinga wewe," akasema, akaketi kwenye zege. "Ulikuwa unafuata meno, na wewe angekufuata nani?"

Jumamosi alikwenda. Alisema wachungaji wote wameshamwona, Nkoma ina nini cha ziada. Maneno yalimteleza, akarudia sentensi, na vijiti ambavyo zamani angeviondoa kwa mzaha mmoja vilibaki palepale. Wazee wa upande wa binti walimheshimu mno. Hawakumtania hata kidogo, na utani ndio uliokuwa silaha yake. Tulikubaliana, kwa ng'ombe wengi kuliko tulivyotarajia. Mwanangu alitabasamu kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Kisha ikaletwa nyama ya kuchoma, na msemaji akapewa ubavu. Baba mdogo aliupokea, akashukuru, akasubiri mwenyeji ageuke. Halafu akausogeza kwenye sahani yangu.

"Kula," alininong'oneza. "Wasije wakadhani tumeidharau."

Nikala fungu lake na langu, naye akanywa mchuzi, akinitazama kuona kama natafuna vizuri.